Mbao za kufunika ukuta wa tofali: mwongozo wa kununua kwa nyumba mpya ya Pwani

Wengi wanaojenga Dar es Salaam, Bagamoyo au Tanga, wakitaka kuivalisha nyumba ya tofali mbao kwa nje, huanza kwa kuulizia bei ya mtiki, ilhali fedha za kwanza zinapaswa kutengwa kwa ajili ya papi, yaani vipande vyembamba vya mbao vinavyofungwa ukutani ili kushikilia mbao za nje, na skrubu. Ubao uliobanwa moja kwa moja kwenye plasta hauna pa kupitishia hewa: maji ya mvua yanayopenya kwenye maungio hukwama nyuma yake, nao ukaoza kwa ndani huku uso ukiendelea kupendeza. Kwa hiyo nunua kwanza papi zilizotiwa dawa, zifungwe wima kwa fisha (vishikizi vya plastiki vya skrubu ukutani) kila baada ya sentimita 40 hadi 60, zikiacha nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2 iliyo wazi juu na chini, na iliyowekewa wavu wa kuzuia wadudu. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani hewa ya chumvi huila misumari ya kawaida upesi na kuacha michirizi ya kutu ukutani.

Katika mbao zenyewe, nauweka mtiki mbele, ule wa mashamba kama Longuza, Muheza. Mafuta yake ya asili huukinga dhidi ya mchwa na unyevu, wala haujipindi kirahisi. Hata hivyo, mitiki mingi huvunwa ikiwa bado michanga, hivyo kagua kichwa cha kila ubao: kiini cha kahawia ya dhahabu ndicho unacholipia, na ule ukanda mweupe wa upande wa gome hauna kinga hiyo. Muuzaji asiyekuruhusu kuchagua ubao mmoja mmoja, mwache.

Wa pili ni msonobari wa Sao Hill, Mufindi, uliotiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo. Ni nafuu mno kuliko mtiki, na kwa bajeti ya kawaida ndio ningeununua. Omba kipande kikatwe mbele yako: rangi ya kijani ya dawa ikiishia juu juu tu, dawa haikupenya. Fundi naye apake dawa upya kila ncha anayoikata.

Mninga ni mzuri na hutulia ukikauka, lakini ni ghali na hutoka misitu ya asili, kwa hiyo dai hati za uvunaji na usafirishaji. Kwa maoni yangu unafaa zaidi kwa milango. Mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao hutanuka kwa joto, basi maungio yaachiwe nafasi. Mkaratusi usiununue kwa kazi hii, kwani hupasuka na kujipinda.

Chochote utakachochagua, kiwe kimekauka vizuri, na plasta mpya ipewe wiki kadhaa kukauka kabla ya kufunikwa. Ubao wa chini kabisa uanzie angalau sentimita 15 juu ya ardhi, ili mchwa wakipanda ukutani vijia vyao vya udongo vionekane mapema.