Uzoefu wangu: boti la skii la miaka ya 70 kwenye karakana ya faiba, Malindi

Boti lenyewe nililinunua kwa Mwitaliano aliyekuwa akiuza nyumba yake upande wa Casuarina. Lilikuwa limelala chini ya mivinje, limepakwa rangi ya ukuta, buluu mbaya. Muuzaji aliapa ni la Kiingereza. Nikalipeleka kwenye karakana moja ya faiba hapa mjini, ambayo kazi yake kubwa ni boti za wavuvi na za watalii.

Nilichopenda kwanza ni kwamba mzee wa karakana hakutaja bei mpaka ajue boti ni la aina gani. Alichungulia ndani akaniambia, “Kijana wangu, hili si la baharini. Injini iko katikati, na nguzo ya kufungia kamba iko mbele yake. Hili ni la kuvuta watu wa skii, wanaoteleza juu ya maji.” Nguzo ikiwa karibu na kitovu cha boti, mtu akivuta kamba kwa ubavu, tezi (nyuma ya boti) haiburutwi upande.

Kisha akachukua sandpepa ya maji, akasugua ile buluu kwenye pembe ya juu ya tezi, upande wa kulia. Zikatokea herufi na tarakimu. Boti za Marekani zilizotengenezwa kuanzia Novemba 1972 ni lazima ziwe na namba hiyo ya utambulisho, jumla ya herufi na tarakimu 12, na tatu za mwanzo ni za mtengenezaji. Langu likawa la Correct Craft, kampuni ya Florida, na kwa nguzo ile na injini ya katikati tukaona ni Ski Nautique, boti lao la skii, jina lililoanza 1961. Mwisho wake ni M75D. M75 ni toleo la 1975, na D si Aprili kama nilivyodhani: katika mfumo ule miezi inaanzia Agosti, kwa hiyo ni Novemba 1974. Ukiwa na boti la kabla ya 1972 usihangaike kutafuta namba hiyo. Itabidi utazame umbo, vyuma vya asili na mahali injini ilipokaa.

Sasa kazi. Kwenye boti za injini ya kupachika nyuma, mbao za tezi ndizo huoza kwanza. Hapa injini ni Ford V8 iliyofungwa juu ya maboriti mawili ya mbao yanayopita chini ya sakafu, yakiwa yamevikwa faiba. Skrubu za sakafu zinaingiza maji, faiba inayafungia ndani. Mzee aligonga kwa nyundo ya plastiki. Pazima pakalia kavu, penye ugonjwa pakajibu bubu. Akatoboa kwa keekee, ikatoka unga wa kahawia, mbichi kama tope la ngamani. Povu gumu lililojazwa chini ya sakafu nalo lilikuwa limelewa maji.

Walilikalisha boti sawasawa kwenye vitanda vya mbao, wakang'oa boriti moja, wakaweka jipya, ndipo wakagusa la pili. Yangetoka yote mawili kwa pamoja, tumbo lingepinda, na boti la skii lililopinda haliendi njia moja. Resini (gundi ya faiba) walichanganya alfajiri, kwa vikopo vidogo, kwa sababu joto la Malindi linaigandisha koponi kabla hujaipaka. Hapo sina neno. Nilikaa na kuwatazama asubuhi kadhaa, kila mkeka wa faiba ukisuguliwa kingo ili wa pili ushike. Vumbi lile linawasha ajabu, ukienda vaa mikono mirefu.

Malalamiko ninayo. Siku ya kukabidhi ilisogezwa, ikasogezwa tena, kila mara kulikuwa na mashua ya mvuvi iliyotakiwa haraka (sawa, yeye anakula kwayo). Jelikoti ya ubavuni, yaani ile rangi ngumu ya juu ya faiba, ilibaki inanata kwa sababu tabaka la mwisho halikutiwa nta, na jelikoti ikiguswa na hewa haikauki juu. Walirudia bila malipo, lakini ile nyeupe yao si nyeupe ya kiwandani. Juani kiraka kinaonekana. Injini hawaigusi, utafute fundi mwingine. Na jumla ya mbao, resini na kazi ilipita bei niliyonunulia boti.

Kwa tumbo na maboriti nawapa tano kwa tano, kwa rangi tatu, kwa ahadi moja. Boti linakimbia vizuri asubuhi za kaskazi bahari ikiwa shwari. Wakati wa kusi, au maji mekundu ya Mto Sabaki yakija, silitii majini, omo yake (mbele) ni fupi na inachota maji. Nikirudi, injini naipitisha maji matamu kuondoa chumvi, kwani ilikusudiwa maji ya ziwani. Kiti cha dereva bado. Fundi wa viti vya matatu anasema ushonaji ule ataufanya, ila ngozi ya rangi ya machungwa mpaka iagizwe Mombasa.