Bawabu nimlipe mimi, anifungie mimi

Kabla hamjaniuliza kwa nini nimeandika kwa hasira, someni jibu nililopewa na huduma kwa wateja ya kampuni iliyotengeneza programu hii ya faiwoli, yaani bawabu wa kompyuta anayeamua nani apite kwenye intaneti na nani asipite: "Programu imefanya kama ulivyoiamuru. Tafadhali soma mwongozo." Waliandika kwa Kiingereza, nami nimelitafsiri bila kuongeza chumvi. Salamu hakuna, pole hakuna, hata jina la aliyeandika hakuna. Nimelisoma mpaka limenikaa kichwani kama dua, na kila nikilisoma kifua kinanijaa upya.

Mimi naangalia nyumba ya wageni hapa Mkomani, Lamu. Ni nyumba ya marehemu baba, vyumba vinne na sehemu ya juu yenye upepo. Mambo yote ya wageni yamo kwenye laptopu moja ya Windows, na intaneti yangu ni ya bando. Mwenye bando huijua hesabu yake kama mbeba maji wa punda anavyoyajua madebe yake. Basi mwaka jana, nadhani Maulidi yalikuwa yamepita, bando la GB 5 lililozoea kunifikisha Ijumaa likaanza kukata roho Jumanne. Filamu sikuangalia, wimbo sikupakua. Nafungua laptopu, najibu imeli mbili, nafunga, na ujumbe unaingia kwenye simu kwamba bando limekwisha.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma Mombasa, akaniambia, "Shangazi, humo ndani kuna programu zinakula intaneti bila kukuuliza. Weka faiwoli ya kuzikataza moja moja." Nikamjibu faiwoli si imo tayari? Akasema imo, lakini hiyo inaangalia wanaoingia.

Hapo nilikuwa sijui kitu, na nilikuwa najiona mjanja. Faiwoli inayokuja na Windows huwa imewashwa yenyewe tangu marekebisho ya Windows XP ya 2004, kwa hiyo karibu sote tunayo. Ila kawaida yake ni kuwazuia wanaobisha kutoka nje. Ni kama daka, ule ukumbi wa mlangoni wa nyumba zetu: mgeni asiyejulikana ataishia kwenye baraza za mawe, hapiti ndani mpaka aitikiwe hodi. Walio ndani je? Hao wakitaka kutoka wanatoka, hakuna wa kuwauliza wanakwenda wapi wala watarudi saa ngapi. Inawezekana kuwazuia na wao, maana sheria za wanaotoka zimo humo humo, lakini zimewekwa kwenye dirisha la ndani ambalo ukilifungua unakutana na orodha ndefu kama ya vyombo vya bibi harusi, na kila sheria uitunge mwenyewe. Ndipo watu wanaponunua programu ya pembeni. Yenyewe inakaa mlangoni kama bawabu, na kila programu inayotaka kutoka kwa mara ya kwanza inakuuliza: niiruhusu au niizuie?

Nikanunua. Jina silitaji. Bei yake ya mwaka ni ya nguru mzima, tena nguru wa siku za kusi, bahari ikiwa imechafuka na samaki haba.

Wiki ya kwanza, sitaki kusema uongo, nilifurahi kama mtoto wa Idi. Niliyoyaona humo ni aibu. Programu ya kuhifadhi picha mtandaoni, ambayo huyo huyo mtoto wa kaka yangu aliniwekea ili picha za vyumba zisipotee, ilikuwa inapandisha video za harusi ya dadake. Harusi ya siku tatu! Na kila bando likikatika katikati ya video, inaanza ile video upya. Kulikuwa na mchezo uliowekwa na mtoto wa mgeni mmoja, sikuwa hata na habari nao. Na kilichonichekesha zaidi ni printa. Printa yenyewe ilishakufa, iko stoo chini ya mikeka, lakini programu yake kila asubuhi inatoka kwenda kuulizia apdeti. Marehemu anaulizia nguo mpya.

Nikazizuia zote, na bando likanifikisha Jumamosi. Lau mngeniuliza wiki ile, ningeipa nyota tano na ya sita ningeitafuta mwenyewe.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa kaskazi, nyumba imejaa, na mimi niko juu naandika jibu la mgeni. Naandika kwa haraka, macho yako kwenye vidole. Ghafla dirisha la bawabu likachomoza mbele ya maandishi yangu, na wakati huo huo kidole changu kikabonya Enter kushuka mstari. Dirisha likatoweka. Niliona kitu kimepita kama popo jioni, basi. Sikusoma neno hata moja. Kumbe kitufe kilichokuwa kimeandaliwa kupokea Enter ni kile cha "Zuia daima", na aliyekuwa mlangoni akiomba ruhusa alikuwa svchost.exe.

Jina lake kama la jini, lakini ni sehemu ya Windows yenyewe. Si programu moja. Huduma nyingi za Windows hutokea humo kwa pamoja: apdeti hupita hapo, kurekebisha saa ya kompyuta hupita hapo, na kazi ya kutafuta anwani ya namba iliyo nyuma ya jina la tovuti nayo hupita hapo. Wanaozijua nyumba za Mkomani wataelewa nikisema ni wikio, lile daraja la juu linalounganisha nyumba na nyumba, ambalo kina mama wa zamani walipita kwenda kwa jirani bila kukanyaga mtaani. Ukiliziba wikio umewafungia wote, aliyekuwa anakwenda kumwona mgonjwa na aliyekuwa anakwenda kusengenya.

Laptopu ikawa imeunganishwa, alama ya Wi-Fi imejaa, na haipati jina lolote mtandaoni. Ningekuwa nafungua tovuti ningeligundua hilo mara moja. Lakini programu ya imeli haikulalamika. Ilibaki inanionyesha barua zilezile za zamani kwa adabu kabisa, na mimi nikasema alhamdulillahi, leo hakuna fujo. Simu yangu ilikuwa inafanya kazi kama kawaida, WhatsApp zinaingia, kwa hiyo sikushuku. Na pembeni ya skrini bawabu wangu ameweka kingao cha kijani: "Umelindwa."

Nililindwa kweli. Nililindwa nisifikiwe na wateja wangu.

Kesho yake saa tano, nahodha wa jirani akanipigia. "Bi, weye yeo huna wageni? Kuna wazungu wawili hapa gatini Manda wanaulizia nyumba yako." Wageni wangu wa siku ile walikuwa mtu na mkewe kutoka Ufaransa, na kwa ninavyojua mimi ndege yao ilikuwa ya jioni. Kumbe walibadilisha, wakaniandikia imeli usiku, na imeli ikasimama nje ya nyumba yangu mwenyewe ikipiga hodi. Kwa msiyepajua, uwanja wetu wa ndege uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo. Ukitua hakuna teksi. Unatembea na mizigo mpaka gatini na kungoja boti ya mwenyeji wako. Walingoja kwa muda wa karibu saa mbili. Waliokuwa nao kwenye ndege walishavushwa wote, wao wamekaa juu ya masanduku. Walipofika kwangu yule mzee shingo imemwiva kama kaa wa kuchemsha, na mkewe hakuniangalia usoni mpaka siku ya kuondoka. Maji ya madafu niliyowapa waliyaacha mezani. Nyumba ya baba haijawahi kurudishiwa dafu.

Ndiyo nikaiandikia kampuni, kwa simu. Niliwaeleza yote, hata Enter. Siku tatu kimya, kisha: programu imefanya kama ulivyoiamuru.

Nimeiamuru lini? Amri ni neno la mtu anayejua analosema. Mtu akikujia mbio ukiwa katikati ya mazungumzo na mwenzako, akakuuliza swali sikioni, ukawa unamwambia mwenzako "ndiyo", naye akakimbia kwenda kuuza punda wako, hiyo ni amri? Wangeliweka sekunde mbili tu ambazo dirisha halipokei kitufe chochote. Wangeliweka onyo kwamba hii ni sehemu ya Windows na ukiizuia utapotea mtandaoni. Wangeligeuza kile kingao kiwe chekundu. Mtoto wa chuoni aliyekaa mkekani angeliyawaza haya, nao wana ofisi na viti vya kuzunguka. Nikawajibu barua ndefu, wakaniambia shauri langu limefungwa. Wamejifunza kufunga, hawa.

Aliyenitoa ni yule mtoto, kwa simu, dakika tano. "Shangazi, fungua orodha ya waliozuiwa. Umemwona svchost? Mruhusu." Barua kumi na moja zikaingia kwa mpigo, na ile ya Wafaransa imo katikati. Akanieleza pia kwamba zipo programu za namna hii zinazoweza kutenganisha huduma moja moja zilizo ndani ya svchost, ukamzuia huyu na kumwacha yule. Hii yangu, kama inaweza, wamepaficha vizuri.

Tena kuna kero nyingine ndogo, siipi nafasi kubwa. Zipo programu ambazo kila zikijisasisha hujihamishia folda mpya yenye namba mpya. Bawabu anaijua programu kwa njia ya folda yake, kwa hiyo ikihama tu anaiona mgeni, na anakuja kukuuliza upya mtu uliyemkatalia tangu mwezi jana.

Nilitaka kumalizia hapa na kuandika: msinunue. Nikaiondoa kabisa, nikakaa siku kama kumi bila bawabu, moyo baridi. Bando likafa Jumatatu. Harusi ya siku tatu ilikuwa imerudi njiani. Nikamrudisha bawabu.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Nimejifunza baadaye kwamba kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows kuna mahali pa kuiambia kwamba intaneti hii hupimwa, na ukipawasha apdeti nyingi zinatulia. Hapo hapalipiwi hata senti, na laiti fundi mmoja hapa mjini angenionyesha badala ya kunicheka. Lakini kuna programu zisizojali hilo, zinakula vilevile. Mtoto wa kaka yangu mwenyewe anatumia simplewall, ya bure, nayo huanza kwa kumzuia kila mtu mpaka umtoe mmoja mmoja. Nilipoiona kwake nikaogopa zaidi. Wenye Mac wana LuLu ya bure na Little Snitch ya kulipia, wenye Linux wana OpenSnitch. Mimi nina laptopu hii na bawabu huyu.

Nyota mbili. Moja ya printa, moja ya harusi. Huduma kwa wateja yao ningewapa nyota za usiku wa mawingu. Basi, tatu, kwa sababu bando linafika Jumamosi na hilo siwezi kulikana mbele ya watu.

Juzi ilinikumbusha kulipia mwaka wa pili. Nimelipa, msiniulize. Na jana usiku niko juu naandikia wageni wa mwezi ujao, dirisha likachomoza tena. Nikainua mikono yote miwili hewani kama mtu aliyeshikiwa bunduki, nikasoma mara mbili. Ilikuwa programu ya ile printa iliyokufa, imehamia folda mpya. Nikashusha mkono mmoja polepole kwenye mausi, nikabonya "Zuia daima" mwenyewe, kwa macho yangu mawili.