Mimea ya tangi la samaki: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo nyumbani kwa kawaida hununua tangi, pampu, taa, samaki, halafu chenji ikibaki, kijimmea kimoja cha kunogesha. Mpangilio huo unaua samaki wengi. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na tangi jipya halina bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti na hatimaye nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Mimea inayokua haraka hainyonyi amonia mwakani, hunyonya sasa hivi. Ndiyo maana hapa nimeipanga mimea kama mtu anavyochagua vifaa, urembo nikauweka nyuma. Nimetazama ipi itaishi kwenye maji unayopata wewe, kwa taa ya kawaida, bila mtungi wa hewa ukaa, na katika nyumba ambayo umeme hukatika.

Kabla ya kutoa pesa, yajue maji yako

Tazama ndani ya birika la chai. Likiwa na ukoko mweupe mgumu, na sabuni ya mche ikikataa kutoa povu, maji yako ni magumu, yana chokaa nyingi. Ndivyo yalivyo maji ya visima vingi vya Unguja, Mombasa na maeneo mengine ya pwani yenye mawe ya matumbawe. Maji ya bomba ya Nairobi, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini chini ya milima ya Aberdare, ni laini zaidi. Dar es Salaam inategemea nyumba: mwenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hupata maji ya mto Ruvu, na jirani yake mwenye kisima anaweza kuwa na maji yenye chumvi hadi unaionja. Yenye chumvi ya kuonjeka usiyatumie peke yake, yachanganye na ya mvua.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki.

Mchanga je? Wa mto, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, unatosha. Wa ufukweni una chumvi na vipande vya kome. Ukiwa na shaka, dondoshea siki kidogo. Ukitoa mapovu, una chokaa na utazidi kuyafanya maji yawe magumu.

1. Ceratophyllum demersum

Wauzaji wengi huuita hornwort. Ni shina refu lenye vijani vyembamba kama sindano vilivyozunguka kila pingili. Ndio nafuu kuliko yote na ndio ninaoupa nafasi ya kwanza, ingawa katika picha za kupendeza huwezi kuukuta.

Hauna mizizi. Hunyonya chakula chake moja kwa moja kutoka majini, kwa hiyo haudai mbolea ya chini wala mchanga maalumu. Unauacha uelee au unaufunga kwenye jiwe. Maji magumu unakubali, laini unakubali. Joto la Dar la Februari halitautoa roho, na baridi ya Julai ya Limuru pia itaupunguza kasi tu. Si mgeni kwetu: unaota wenyewe katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Ukipata mwanga wa kutosha hukua kwa kasi inayochosha, na kasi hiyo ndiyo unayoinunua, maana kila sentimita inayoongezeka imetengenezwa kwa uchafu uliotoka kwa samaki.

Kasoro zake zipo. Ukibadilishiwa maji ghafla hupukutisha vijani na kuziba kichujio, hivyo wiki ya kwanza usiuhukumu. Pia hufunika wenzake mwanga, lazima uupunguze mara kwa mara. Na kuna imani kwamba tangi lenye mimea mingi halihitaji pampu ya hewa. Mchana, sawa, mimea hutoa oksijeni. Usiku nayo huvuta oksijeni ileile wanayoivuta samaki. Umeme ukikatika saa nne usiku, mimea haitakusaidia. Pampu ndogo ya hewa ya betri itakusaidia, na ni bora kuinunua kabla ya mmea wowote wa bei kubwa.

Vipande unavyokata usivitupe mtoni wala ziwani, hata kama mmea ni wa kwetu. Vianike juani vikauke, kisha viweke kwenye shina la mgomba. Magugu maji yaliyolisumbua Ziwa Victoria tangu miaka ya mwisho ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu waliyasambaza duniani kwa ajili ya maua yake. Kwa sababu hiyohiyo sijaiweka mimea inayoelea juu ya maji, kama Pistia, kwenye orodha hii.

2. Vallisneria

Kama birika lako lina ukoko, uweke huu namba moja. Majani yake ni marefu kama utepe, yanafika juu ya maji na kuanza kulala. Mimea mingi ya madukani hutokea kwenye vijito vya maji laini, lakini huu hustawi maji yakiwa na chokaa, na jamii yake imo kwenye maziwa yetu makubwa. Unapanda miche mitano nyuma ya tangi, inatoa vikonyo vinavyotambaa chini ya mchanga, na baada ya miezi michache una pazia.

Mizizi iingie mchangani, ila pale majani yanapoanzia pabaki juu, ukipafukia panaoza. Epuka zile dawa za maji zinazouzwa kama kaboni ya chupa. Nyingi zina glutaraldehaidi, na Vallisneria huyeyuka nayo. Ceratophyllum pia haiipendi.

3. Anubias

Ni ghali kwa kila jani, lakini ndio mmea unaodumu kuliko yote niliyoitaja. Ni Mwafrika: asili yake ni misitu ya Kamerun, Gabon, Kongo na majirani zao, kandokando ya vijito vyenye kivuli. Kwa hiyo haudai taa kali. Majani ni magumu kama ngozi, na samaki walaji wa majani wengi huuonja na kuuacha. Mwenye goldfish au sikilidi (samaki wa jamii ya perege) wachimbaji aanzie hapa.

Kosa linalouua ni moja, nalo hufanywa na wauzaji wenyewe: kuupanda. Lile shina nene linalotambaa, ambalo mizizi na majani hutokea, likifukiwa mchangani huoza. Ufunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha mti, au ubandike kwa tone la supaglu. Hukua polepole mno, labda jani moja kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usitegemee usafishe maji. Na kwa sababu jani hukaa muda mrefu, mwani, ule utando wa kijani unaoota majini, huliona kama makao. Uweke kwenye kivuli cha mingine.

4. Cryptocoryne wendtii

Asili yake ni Sri Lanka. Hufaa mbele na katikati, kwa mwanga mdogo, katika maji laini au magumu. Ubaya wake ni tabia ya kuyeyuka: unaupanda Jumamosi, Jumatano majani yote ni uji. Wengi huung'oa na kwenda kugombana na muuzaji. Uache. Mizizi ikiwa mizima huchipua upya ukishazoea maji, na baada ya hapo hautaki kuhamishwa tena. Mbolea yake ni ya vidonge, inafukiwa karibu na mizizi.

5. Microsorum na Java moss

Hii miwili inafanana kwa jambo moja: haipandwi, inafungwa kwenye jiwe au gogo kama Anubias. Microsorum, maarufu kwa jina la Java fern, huzaa vichipukizi kwenye majani yake yenyewe; madoa meusi unayoyaona chini ya jani mara nyingi si ugonjwa. Java moss ni makazi mazuri ya vifaranga vya samaki, na ni mtego mzuri wa uchafu. Ningeipandisha nafasi kwa mtu wa mji wa baridi kama Nairobi, Arusha au Mbeya.

6. Echinodorus

Ni mzuri ukiwa na tangi kubwa. Katika lita 60 utageuka kuwa kichaka cha mmea mmoja. Hula kwa mizizi, kwa hiyo mchanga mtupu bila vidonge vya mbolea huyafanya majani yake kuwa ya njano.

7. Zulia la kijani na mimea myekundu

Hivi ndivyo vilivyokuvutia kwenye picha. Hemianthus callitrichoides, mmea mdogo sana kutoka Kuba unaotandika zulia, unataka taa kali, mbolea ya kila wiki na hewa ukaa ya mtungi. Alternanthera na wenzake wekundu hupoteza rangi taa ikiwa dhaifu. Vyote ni vizuri. Lakini umeme ukikatika kila siku kwa muda wa saa tatu, mpango mzima huyumba na mwani huchukua nafasi. Viache mpaka tangi lako limetulia angalau miezi sita.

Usivyopaswa kununua kabisa

Kuna mimea inauzwa ikiwa imezamishwa kwenye matangi ya dukani ilhali ni ya nchi kavu. Inayojulikana zaidi ni ile inayoitwa lucky bamboo, ambayo si mwanzi bali Dracaena. Mizizi yake inaweza kukaa majini, lakini ukizamisha majani yataoza. Spathiphyllum, lile ua jeupe la sebuleni, nalo vilevile. Dalili ya haraka: inyanyue kutoka majini. Mmea wa majini hulegea mkononi, wa nchi kavu husimama wima. Anubias na Cryptocoryne huvunja kanuni hii, kwa hiyo itumie kwa mmea usioujua jina tu.

Ukifika dukani

Angalia kitovu cha mmea, sio majani ya nje. Chipukizi jipya ni dalili njema kuliko jani kubwa. Mizizi iwe myeupe au ya kahawia hafifu. Ikinuka, achana nao. Mwani mweusi kama ndevu kwenye kingo za majani hauondoki kirahisi, na ute unaong'aa chini ya jani ni mayai ya konokono. Uliza kama mmea umelelewa ndani ya maji au juu ya maji. Mashamba mengi hulelea juu, na majani hayo ya hewani yatakufa nyumbani kwako kabla mapya hayajatoka. Si kasoro, ila ujue mapema.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya 2017 na Tanzania 2019, kwa hiyo nenda na kopo lenye mfuniko na gazeti lililoloa. Nyumbani, iache kwenye ndoo ya pembeni siku kadhaa kabla ya kuiingiza, hasa ukifuga kamba wadogo. Dawa za wadudu za shambani huwaua.

Kwa tangi la lita 60, ningebeba mafungu mawili makubwa ya Ceratophyllum, miche mitano hadi minane ya Vallisneria, Anubias mmoja mdogo na Cryptocoryne watatu. Taa iwake saa sita hadi nane kwa siku, mbali na dirisha lenye jua. Samaki, wachache, baada ya mimea kuonyesha majani mapya. Perege na sato usiwafikirie kabisa humu, watakula bustani yote wiki ileile.