Wizard's Bane: kitabu nyota tano, muuzaji hata sifuri ni nyingi

Naanza na muuzaji, kitabu kitasubiri. Siku za karibuni nilikuwa nakisaka Wizard's Bane cha Rick Cook, riwaya ya mwaka 1989, na nilikitaka cha karatasi, maana kutwa nzima niko mbele ya kompyuta na macho yamechoka. Jamaa mmoja wa vitabu vya mtumba hapa Dar akasema anacho. "Hali safi kaka, kama kipya." Nikatuma hela kwa simu, bodaboda akaleta. Jalada safi kweli, na nikamtumia ujumbe wa shukrani. Ule ujumbe natamani niufute.

Hadithi iko hivi. Zumwalt, wenzake humwita Wiz, anaandika programu za kompyuta Silicon Valley, Marekani. Mchawi mzee Patrius anamvuta hadi kwenye dunia ya uchawi na majoka, halafu anauawa papo hapo kabla hajamweleza mtu alimwita wa nini. Kijana mwenyewe hana kipaji cha uchawi hata chembe. Anabaki mzigo wa Moira, mganga wa kijijini mwenye nywele nyekundu, ambaye hamtaki hata kumwona. Wanakimbilia Heart's Ease kwa Shiara, mama kipofu aliyewahi kuwa mchawi mkubwa; sasa uchawi ukifanyika karibu naye unamuumiza. Wiz kazi yake kule ni kupasua kuni. Anapasua kuni, anauliza maswali, na pole pole unaona kichwa chake kimeanza kazi.

Wachawi wa kule hushika manuizo marefu kichwani, kila moja kitu kizima, na ukikosea kidogo unaweza kufa. Wiz anawaza: vipi nikichukua yale madogo madogo yasiyodhuru, nikayapa majina, nikayaunganisha? Aliyewahi kugusa Forth, lugha ya kuandikia programu, atatabasamu hapo. Ndivyo inavyokwenda: unatengeneza neno dogo, unalijaribu, likikubali unalitumia kujengea kubwa zaidi. Nikafunua ukurasa nione anaandikaje la kwanza.

Hamna. Kurasa hazipo! Bunda zima limechomoka, na mtu kapaka gundi mpya mgongoni ili pengo lisionekane. Kushoto Wiz yuko na shoka lake. Kulia Moira ameshatekwa, na Wiz anatoa amri za uchawi zinazomalizikia na exe kama mafaili ya programu ya DOS, ule mfumo wa kompyuta za zamani. Amejifunzaje? Alikosea wapi mara ya kwanza? Hayo ndiyo niliyoyanunua.

Nikampigia. "Kaka, si hadithi unaielewa lakini? Soma mbele." Nikamwambia kilichokosekana ndicho kitabu chenyewe. "Sasa mkuu, kwa bei ile ulitaka nini?" Anacheka. Nikaomba basi anirudishie nusu, akasema yeye huuza kwa kuangalia jalada, mambo ya ndani ni juu ya mteja. Juu ya mteja! Muuza mafenesi barabarani hukukatia kipande uonje kwanza. Nilipomtumia picha ya pengo akanifungia namba.

Kwa hasira nikaanza kukichukia na kitabu. Bal-Simba, kwa mfano: mchawi mweusi, pandikizi la mtu, kapewa mkufu wa mifupa na meno yaliyochongwa. Nikasonya. Ndiye mwenye busara kuliko wote mle ndani, nakubali, ila hayo mavazi mwandishi angeweza kuyaacha Hollywood. Halafu limbwata: Patrius kabla ya kufa alimroga Wiz ampende Moira, basi sura kwa sura kijana anamlilia mwanamke asiyemtaka. Nilifika mahali nikakitupa kitandani.

Nikakiokota usiku uleule, sikuweza kulala. Na hapo wakaja Emac. Hivi ni vijishetani vidogo. Wiz anaviita, anaimla uchawi wake, vyenyewe vinaandika. Jina limetoka Emacs, programu ya kuandikia iliyozaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1976. Kesho yake ofisini nikawasimulia wenzangu, akacheka mzee mmoja tu wa upande wa seva, akacheka hadi akavua miwani. Vijana walikuwa wananitazama.

Yuleyule mzee akanidokeza kwamba kitabu cha pili cha mfululizo huu, The Wizardry Compiled cha 1990, kinamtesa Wiz kwa jambo tunalolijua sote: uchawi wake hakuna mwingine anayeuelewa vizuri, na inabidi waletwe waandika programu kutoka kwetu huku kusaidia. Vipo vitano jumla. Cha sita, The Wizardry Capitalized, Cook hakukimaliza. Alifanyiwa upasuaji wa moyo na kazi ikakwama. Kwa hiyo mfululizo wenyewe nao una pengo, ingawa hilo halina wa kulaumiwa.

Nyota nilipanga tano. Nikikumbuka limbwata nashusha nne. Tatu na nusu, tena, kwa ajili ya mkufu wa mifupa. Hapana, acheni tano, Emac peke yao wanatosha.

Mwenye nakala nzima hapa Dar aniazime siku mbili, nataka sehemu ya Heart's Ease tu, hela ya bodaboda juu yangu kwenda na kurudi. Na wewe wa jalada safi, najua unasoma hapa: fungua namba tuongee.