Podi nyeusi za Aggrey: miezi mitano masikioni

Nilizinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, wiki ya mshahara. Muuzaji alianzia 45,000. Nilipogeuza mgongo ikawa 35,000, nilipofika mlangoni akaniita "njoo dada, usiondoke na hasira", tukamalizana kwa 28,000 na akaniongezea waya wa chaji. Ni zile iafoni ndogo za masikioni zisizo na waya. Yeye aliziita podi, nami nitaziita hivyohivyo. Jina la boksini silitaji, kwa sababu nitazilaumu kidogo, na pia kwa sababu ukienda mwezi ujao utazikuta zilezile kwenye boksi lenye jina jingine. Ni nyeusi, zina kijiti kifupi kinachoshuka shavuni, na kasha lake ni la mviringo, saizi ya kopo dogo la mafuta ya mgando.

Kwanza mjue natumia wapi, maana podi ya mtu wa mazoezi si podi ya mtu wa simu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Kutwa ni simu: dereva amekwama mizani ya Vigwaza, mteja yuko Lubumbashi anauliza kontena limetoka au bado, mwenzangu yuko getini anataka namba ya kibali. Asubuhi napanda basi la mwendokasi Kimara, nashuka kituo cha Gerezani, na hiyo safari nzima ni ofisi yangu ya kwanza. Mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika mkoba. Simu nishike na nini?

Sauti ni nzuri kwa bei hiyo. Besi ipo, ingawa taarabu inasikika kama imepigwa ndani ya kabati. Betri niliambiwa saa 6, mimi napata tatu na nusu za maongezi, na ya kulia inazima kabla ya ya kushoto kila siku. Kasha linazirudishia chaji mara tatu hivi. Mipira ya masikioni inakuja saizi tatu, na hapa watu wengi wanakosea: wanavaa ile iliyokuja nayo, inapwaya, kelele za basi zinaingia, wanapandisha sauti mpaka simu inatoa onyo. Nami nilifanya hivyo wiki mbili. Nilipobadilisha nikaweka mipira mikubwa, sauti nikaishusha nusu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na ukipandisha zaidi muda huo unapungua haraka. Kwa kazi yangu saa 40 si nyingi hata kidogo.

Maiki ndiyo mbovu. Ofisini hewala, lakini nje, upepo ukivuma kidogo tu, dereva ananiambia "dada, unaongea ukiwa ndani ya pipa?" Kwa hiyo unapayuka. Na hata asipolalamika utapayuka tu, kwa sababu umeziba masikio, sauti yako mwenyewe huisikii sawasawa, na basi linanguruma. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hili mwaka 1911: mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujijua. Mimi nililijua kituo cha Urafiki.

Tulikuwa na lori limelala Morogoro na mzigo wa thamani. Bosi wangu ana sharti kwamba dereva na utingo wake wote walale ndani ya gari, asibaki mmoja. Asubuhi nikasikia utingo alionekana kwao Msamvu. Nikampigia dereva, nimesimama katikati ya basi, podi zote mbili masikioni, nikamwuliza, kwa sauti ninayodhani ilikuwa ya kawaida: "Nakuuliza, jana ulilala na nani?" Akajikanyaga. Nikaongeza: "Usinidanganye, nishaambiwa kila kitu! Na hii si mara ya kwanza!" Nilipoinua macho, basi zima limenyamaza. Kijana aliyekuwa amekaa akanipisha kiti. Mama mmoja aliyepakata mkoba akanigusa goti, akasema, "Pole mwanangu, ndivyo walivyo." Nikashindwa kumweleza kwamba nazungumzia tani 28 za shaba. Nikamshukuru tu.

Lakini si mimi peke yangu. Wiki ileile, kijana mmoja mtanashati pembeni ya mtu mzima mwenye ushungi alisema kwa heshima zote, "Shikamoo mama." Yule mama akaitikia vizuri, "Marahaba baba, hujambo?" Kijana akaendelea, "Nimekutumia ile hela, umeiona?" Mama akamkazia macho: "Hela gani?" Kijana hakuwa hata anamtazama, alikuwa anaongea na mama yake mzazi. Ilibidi abiria wa nyuma amwonyeshe yule mama kile kidude sikioni. Alicheka, ila niliona alivyojikunyata baadaye, kama mtu aliyenyoosha mkono na mkono ukaachwa hewani.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu tathmini zote nilizosoma kabla ya kununua zilihesabu betri na besi, hakuna iliyohesabu salamu.

Nimepanga kwa mama mmoja wa Pemba, mtu mzima, mjane. Kila alfajiri yuko barazani anachambua mchele au anasuka ukili. Napita, nasema shikamoo, ananiitikia, ananiuliza nimeamkaje, natoka. Mtindo huo una miaka minne. Sasa mimi najifunga mtandio, na podi zangu ni nyeusi, ziko chini ya kitambaa. Alhamisi moja nilitoka nikisikiliza ujumbe wa sauti wa yule dereva, mrefu, wa dakika tatu. Nikasema shikamoo yangu, nikatikisa kichwa mara mbili kwa maelezo ya dereva, nikaondoka. Kumbe mama alikuwa ameniagiza dawa yake ya presha, aliyobakiwa na kidonge kimoja, na kule kutikisa kichwa amekuchukua kuwa ndiyo.

Nilirudi saa mbili usiku, mikono mitupu. Yupo barazani. Hakuuliza. Na mimi nikapita zangu na podi zangu, nikalala usingizi mnono.

Ijumaa hakuniagiza lolote. Jumamosi nilimsikia akimwambia mpangaji wa chumba cha uani, bila kushusha sauti, "Siku hizi wapangaji wana masikio ya kukodi." Ndipo nilipokaa chini kwenye mkeka nikamwuliza nimekosa nini, akaniambia. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikazitoa podi mkobani nikamwonyesha. Akaichukua moja kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Hii mbona karafuu?" Na kweli, ukiitazama, kichwa na kikonyo chake, ni karafuu kavu tupu. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Sasa mimi ningejuaje kama umeziba?"

Angejuaje, kweli? Zamani tulipokuwa na iafoni za waya, waya ulikuwa taarifa. Mtu akiuona unaning'inia kifuani anajua huyu hasikii, atakugusa bega au atangoja. Hata konda wa daladala alikuwa anajua: haiti mara mbili, anakugonga kwa sarafu. Baadaye ikaja ile ya sikio moja yenye taa ya bluu inayometa. Mjomba wangu Tanga alikuwa nayo, alivaa mpaka kwenye harusi, hata simu ikiwa imezima chaji, lakini walau ilimeta. Kisha mwaka 2016 mambo mawili yakatokea: mwezi wa Mei mwendokasi ulianza Dar, na Desemba Apple wakaanza kuuza AirPods. Basi la kubanana na kidude kisichoonekana vikaja mwaka mmoja. Zile za Apple angalau ni nyeupe, zinaonekana toka mbali. Sisi tuliokwenda Aggrey kutafuta nyeusi "zisionekane" ndio tuliojiharibia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa ununuzi ni huu, na najua utawashangaza wengine: nunua nyeupe. Nyeupe pee. Kama unajifunga mtandio au una nywele za kushuka, ndiyo zaidi. Bei ni ileile.

Kuhusu adabu nyingine, sina kanuni nyingi. Dukani kwa Mangi naitoa sikioni, siibonyezi tu ikanyamaza. Anayekuuzia mkate hajui kama umesimamisha wimbo au la, anaona tu kitu sikioni. Msibani kasha libaki mkobani. Nimeshamwona mtu amekaa jamvini na wanaume wenzake, anaitikia dua na mguu unachezacheza kwa mdundo mwingine kabisa. Dereva wangu wa bodaboda nilimkuta amevaa moja ndani ya kofia ngumu, nikashuka pale Baruti nikamlipa yake yote, nikatafuta mwingine. Honi ya lori unaisikia kwa sikio, si kwa kioo.

Na kuna hili la kuombwa. "Dada hebu nipe moja nisikie." Wa kwangu ofisini wanaomba kila siku, maana kwetu kitu chenye viwili kinagawanywa, chungwa hata chapati. Nilikuwa natoa. Nikaja kukuta mpira wa kushoto una nta ambayo si yangu. Sasa nina pamba na spiriti kwenye droo, nafuta kabla na baada, mbele yao, na waombaji wamepungua bila ugomvi.

Ila nisiwaonee wenye podi. Afadhali mimi nipitwe na salamu kuliko yule baba wa Magomeni Mapipa anayefungua video za vichekesho kwa sauti ya mwisho, simu kaishika mlalo kama kipande cha mkate, cheko lilelile la kurekodi mara ishirini mpaka kituo cha Fire. Au yule anayeongea na mkewe kwa spika, basi zima tunajua sukari imekwisha. Huyo ukimnunulia podi za 28,000 umetoa sadaka.

Sasa mkasa wa mwisho. Mwezi uliopita, Gerezani, nikiwa nashuka, mtandio ukanaswa na mkoba wa mtu, podi ya kushoto ikaruka, ikagonga ukingo wa jukwaa, ikadumbukia chini kati ya basi na jukwaa. Nyeusi, kwenye giza la chini ya basi. Askari wa kituo alinisaidia kumulika kwa tochi ya simu, tukaona chupa ya maji na kandambili moja. Podi hakuna.

Nikarudi Aggrey kuulizia moja tu. Muuzaji hakushangaa. Akainama chini ya meza akatoa kopo la maziwa ya unga, akalimwaga kwenye kioo: podi kama sitini, za kila aina, mojamoja. "Hawa ni wajane wangu," akasema. Kumbe watu wanapoteza moja, wanakuja kuuza iliyobaki kwa buku mbili. Akachambua kama anachambua mchele, akapata ya kushoto ya toleo langu hasahasa, ila nyeupe. 5,000. Akazishika zote mbili, akazibonyeza pamoja mpaka zikamweka nyekundu na kijani, akazirudisha kwenye kasha, akafungua, simu ikazikamata zote. Dakika mbili, kazi imekwisha. Hiyo huduma ya kopo sijaiona kwenye maduka ya vioo na viyoyozi, na kwa hiyo tu yule kaka nampa nyota zote.

Basi sasa navaa nyeusi kulia, nyeupe kushoto, na upande wa kushoto mtandio naupitisha nyuma ya sikio. Asubuhi ya kwanza nilipotoka hivyo, mama alikuwa barazani na ungo wake. Akanitazama kabla sijafungua mdomo.

"Hii karafuu yako imeshachanua," akasema. "Ikichanua haina bei."

Nikaitoa, nikaitia kasha. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, nisikilize sasa: vidonge vimebaki vitatu."