Shule ya udereva: darasani 1, barabarani 5

Nimemaliza mafunzo ya udereva mwezi uliopita hapa Dar, shule siitaji jina maana nina lawama nayo, ila nyie mnaotafuta pa kujifunzia someni hii kabla hamjatoa hela.

Wiki ya kwanza ni darasani tu, tunasomewa makaratasi ya kizungu, raundabauti sijui givu wei, tunaitikia ndio mwalimu, nikitoka nje kichwani hamna kitu. Darasa nalipa alama 1 kati ya 5.

Wiki ya pili nikapangiwa mzee mmoja wa kufundisha barabarani, zamani alikua deiwaka, wale wanaopokea daladala trip mbili tatu konda au suka, yaani dereva, akienda kula. Kizungu chake dei waka, kibarua wa siku, na mzee anajivunia hilo jina mpaka leo. Sasa huyo mzunguko wa barabarani kwake sio raundabauti, ni kipilefti. Tulipofika Posta kwenye sanamu ya Askari akaniambia dada angu, zamani kwenye mizunguko kulikua na vibao vimeandikwa Keep Left, watu wakaona basi hicho kitu ndo kinaitwa hivyo, na vikiwa viwili ni vipilefti, kama kitabu na vitabu. Nilicheka mpaka gari ikazima katikati ya barabara na daladala nyuma zinapiga honi.

Lakini ndo nikaelewa, yaani sheria yote iko ndani ya jina. Unaingia kwa kushoto, kile kisiwa cha katikati kinabaki mkono wako wa kulia mpaka utoke, na kabla hujaingia unampisha anayetokea kulia kwako maana yeye ameshaingia. Kosa langu lilikua Mnara wa Saa, nilitaka kukata kulia ila nimeng'ang'ania leni ya kushoto kwa sababu si ni kipilefti, bajaji kidogo inikwangue ubavuni. Mzee hakufoka, akasema kushoto ni kwa kisiwa dada angu, sio kwa leni, unayekata kulia jipange kulia mapema. Hiyo makaratasi yao hayakuniingiza kichwani wiki nzima. Hata kukagua gari asubuhi alikua anaita tairi, sailensa, madigadi, na la upande mmoja lililopasuka analiita digadi, nikagundua neno ni "mudguard" ya kizungu na watu wakalikata kama yai na mayai. Sijasahau kukagua tena.

Lawama sasa. Wanafunzi 5 gari moja, kila mtu anaendesha dakika kumi hivi afu anarudi siti ya nyuma, na klachi ngumu mpaka mguu unatetemeka. Waliniambia leseni ya lena, ile ya anayejifunza, imo kwenye ada, baadae wakataka hela nyingine, hapo niliumia sana. Ulizeni mapema mnapanda wangapi kwenye gari na ada inalipia nini, na waandikishe kwenye risiti.

Barabarani nawapa 5 bila kufikiria, na hizo zote ni za mzee. Siku ya mtihani trafiki akaniambia ingia raundabauti ya mbele, nikaganda kidogo, kimoyomoyo nikasema kipilefti, nikatazama kulia, nikaingia.