Kidonge cha midazolamu kabla ya upasuaji: hofu iliondoka na maelezo ya daktari

Kwa kazi ya kutuliza, naipa nyota nne kati ya tano. Mimi ni wale ambao presha hupanda wakiona tu koti jeupe, na nilikuwa naenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri, ule wa kuingia asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Nesi alinipa kidonge cha miligramu 7.5 na funda la maji, akanikataza kushuka kitandani bila kumwita. Nusu saa haikuisha. Sikulala, nilisikia kila kitu, ila hakuna kilichonihusu. Walipotafuta mshipa wa dripu nilitazama mkono kama wa mtu mwingine. Sindano iliuma vilevile, maana dawa hii haiui maumivu.

Nyota niliyokata ni ya kumbukumbu. Baadaye daktari alikuja akaeleza habari za bandeji, kutobeba vizito, na lini nirudi. Mke wangu anasema niliitikia, nikauliza swali la maana kabisa, nikamshukuru. Mimi sikumbuki hata neno. Sehemu ya lawama ni ya nusukaputi, lakini benzodiazepini, jamii ya dawa za kutuliza ambayo midazolamu imo, ndivyo zilivyo: huzuia ubongo kuhifadhi mapya huku mwenyewe unaonekana uko macho. Maelezo apewe anayekusindikiza, tena kwa maandishi.

Diazepamu niliyopewa kwenye upasuaji wa zamani haifui dafu hapa. Nusu ya midazolamu hutoka mwilini kwa saa 2 au 3 hivi; ya diazepamu huchukua siku nzima au zaidi, na kesho yake nilikuwa bado nasinzia mezani.

Ila si kila mtu anaihitaji. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, lorazepamu, dawa nyingine ya jamii hiyo, ya miligramu 2.5 kabla ya upasuaji haikuwafanya watu waridhike zaidi na huduma, na walichelewa kidogo kutolewa mrija wa kupumulia. Mdogo wangu hakupewa kitu. Daktari wa usingizi alikaa naye akamweleza hatua kwa hatua, ikatosha. Wazee nao huweza kuchanganyikiwa. Na anayekata pumzi usingizini, au anayetumia dawa za jamii ya morfini, aseme mapema.

Gari, pombe na kusaini hati nilikatazwa kwa saa 24. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa kuwa nesi alilisema kabla sijameza.